Kutoka Nairobi Hadi Bugi ya Suti za Mabawa: Njia ya Mrukaji na ya Anayetaka Ukufunzi

Kila mara wanajeshi wa KDF wanaposhuka kwa parachuti kwenye sherehe za kitaifa, simu yangu hujaa jumbe. Vijana wa Umoja, wa Rongai, wa Kasarani, wote wanauliza jambo moja: nitafikaje huko juu? Siku hizi swali limeota mkia. Wameona kwenye simu mtu aliyevaa suti yenye mabawa akikata hewa kama mwewe, nao wanataka waanzie hapo. Wapo pia wachache ambao tayari wanaruka, na sasa wanataka kujua ukufunzi unadai nini.

Nimewaandikia wote. Msimamo wangu ni huu: kila idadi ya miruko inayodaiwa kwenye mchezo huu ni bei ya kitu fulani mwilini mwako. Miruko 25 inakupa kitu kimoja, 200 inakupa kingine, saa sita za kuanguka angani zinakupa kingine kabisa. Ukishajua unachonunua, hutatafuta njia ya mkato.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Suti ya mabawa ni vazi lenye kitambaa kati ya mikono na mbavu, na kingine kati ya miguu. Warukaji huiita wingsuti. Bugi ni mkusanyiko wa warukaji kutoka kotekote, siku tatu hadi wiki nzima, ndege ikipanda na kushuka tangu asubuhi mpaka jua likaribie kuzama, na jioni watu wakitazama video za siku. Kuruka kutoka majabali au majengo ni mchezo mwingine, siuandikii hapa. Anayekuambia uanzie kwenye majabali ya Hell's Gate au paa la ghorofa la Upper Hill hakutakii mema.

Hatua ya kwanza: jifunze kuruka bila mabawa

Kwa mtu wa Nairobi, safari inaelekea Pwani. Skydive Diani wako Kwale, na kufika ni rahisi: Madaraka Express kutoka Syokimau hadi Mombasa, kisha feri ya Likoni au barabara ya Dongo Kundu. Mwenye haraka na pesa apande ndege Wilson ashukie Ukunda.

Ukifika utaona watu wengi wanaruka tandemu, yaani umefungwa kifuani pa mkufunzi na kazi yote anafanya yeye. Tandemu itakuonyesha kama moyo wako unapenda jambo hili. Ila kama nia ni kuruka mwenyewe, unachohitaji ni kozi ya AFF (Accelerated Freefall), yaani ya kujifunza kuanguka angani na wakufunzi kando yako. Unasoma chini kwanza, sehemu kubwa ya siku, halafu mruko wa kwanza wakufunzi wawili wanatoka nawe, mmoja kila upande, wamekushika. Baadaye anabaki mmoja, kisha unaachwa peke yako. Kwa utaratibu wa chama cha warukaji cha Marekani, USPA, ambao leseni zake zinakubalika nchi nyingi, leseni A inadai miruko isiyopungua 25.

Kabla hujatuma hata shilingi kwa M-Pesa, uliza maswali haya kwa shule yoyote, popote duniani. Kozi inaanza lini, na wakufunzi wenyewe watakuwepo? Leseni nitakayopata ni ya chama gani? Nikirudia hatua niliyoshindwa, nalipa ngapi? Parachuti ya akiba ilikunjwa lini, na fundi yupi? Shule nzuri hujibu yote bila kununa.

Ongeza siku za ziada kwenye likizo yako. Masika huleta mawingu, na miezi ya kusi upepo hukaza. Mwanafunzi anaweza kukaa chini siku ambayo wazoefu wanapanda. Na kwa kuwa Diani watu hupenda kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa, tenganisha mambo hayo mawili. Mimi huweka siku nzima, saa 24, kati ya kutoka majini na kupanda ndege, maana nitrojeni iliyobaki mwilini haipendi mwinuko.

Jambo dogo linalowahusu watu wa bara hasa. Uwanja wa Wilson uko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Altimita ya mrukaji, yaani kifaa cha kupima kimo, husomeka kuanzia ardhi unayotua, kwa hiyo huwekwa sifuri pale pale uwanjani. Nilipokuwa mgeni niliweka yangu sifuri nyumbani Lang'ata kwa furaha ya kuwa na kitu kipya, nikaitia begini. Nilipoifungua Diani, sindano ilikuwa imerudi nyuma ikapita sifuri. Mwalimu aliitazama, akaniambia, "Kijana wangu, kifaa hiki kinakuamini wewe. Ukikidanganya, nacho kitakudanganya." Tangu siku hiyo naigusa kabla ya kupanda kila ndege.

Hatua ya pili: kutoka 25 hadi 200

Kanuni ya USPA iko wazi: hakuna kuvaa suti ya mabawa kabla ya kuwa na leseni hai na miruko 200. Leseni B ni miruko 50, C ni 200, D ni 500. Kwa hiyo utakapokuwa unaruhusiwa kuvaa mabawa, utakuwa umefikia pia idadi ya leseni C.

Hesabu yake kwa mtu mwenye kazi Nairobi ni hii. Ukishuka Pwani mara moja kwa mwezi na kupata miruko sita kila wikendi, unapata 72 kwa mwaka. Miruko 175 iliyobaki itakuchukua karibu miaka miwili na nusu. Wengine huweka akiba kwenye chama au sako, kisha wanaenda Afrika Kusini wiki tatu. Tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza kwa ziara fupi huko, na siku 15 za hali nzuri kwa miruko mitano kila siku ni 75 kwa mkupuo mmoja. Napenda mchanganyiko wa njia zote mbili, kwa sababu anayeruka mara moja kwa mwezi tu, kila akirudi anatumia mruko wa kwanza kukumbuka.

Uangalie pia mwinuko. Parachuti uliyoizoea Diani, usawa wa bahari, itakuwa na kasi zaidi kule nyanda za juu za Johannesburg, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwenye futi 5,000 kasi yako halisi inaongezeka karibu asilimia 8, na siku ya joto zaidi ya hapo. Miguu itaiona tofauti hiyo kabla ya macho. Miruko ya kwanza huko, chukua parachuti kubwa kidogo.

Sasa, hiyo 200 ununue nini nayo? Nunua mwili tulivu wakati wa kufungua parachuti, kwanza kabisa. Ukifungua umeinama upande bila suti, utapata kamba zilizojisokota kidogo. Ukifungua hivyo ukiwa na mabawa, utasokotwa kama kitambaa kinachokamuliwa. Jifunze kusonga mbali na wenzako angani kwa mwili ulionyooka, kwa sababu ndiyo nusu ya kuruka na mabawa. Chukua kozi ya kuendesha parachuti. Tua karibu na ulipopanga, mara nyingi hadi iwe kawaida, kwani mabawa yanaweza kukupeleka mbali na uwanja ukalazimika kutua shambani kwa mtu. Na jizoeze kuhesabu kimo kichwani bila kutazama mkono, kisha utazame uhakikishe.

Andika kila mruko kwenye daftari na utiwe saini. Daftari ndilo litakalokutambulisha kwenye bugi mahali ambapo hakuna anayekujua.

Hatua ya tatu: vifaa

Suti ya kwanza iwe ndogo, ya wanaoanza. Suti kubwa ina kitambaa kingi, na kila kipande cha kitambaa kinazidisha kosa lako. Parachuti kuu iwe ya tabia ya upole, inayofunguka taratibu, isiyo ndogo kwa uzito wako. Nyuma ya mtu mwenye mabawa kuna hewa iliyokufa, kwa hiyo mkanda unaounganisha parachuti ndogo ya kuvutia na ile kuu unapaswa kuwa mrefu kuliko wa kawaida. Mwachie kazi hiyo fundi mwenye cheti.

Patrick de Gayardon, Mfaransa aliyeipa suti ya mabawa sura tunayoijua leo miaka ya 1990, alifariki Hawaii tarehe 13 Aprili 1998 baada ya marekebisho aliyoyafanya kwenye vifaa vyake mwenyewe kuleta hitilafu parachuti ilipofunguka. Alikuwa bingwa. Mwaka uliofuata Jari Kuosma na Robert Pečnik walianzisha BirdMan, kampuni iliyoweka suti salama zaidi mikononi mwa watu wa kawaida. Ukitamani kushona au kukata chochote kwenye mfuko wako wa parachuti, mkumbuke de Gayardon, umpelekee fundi.

Kuna kifaa kinachowatia watu imani isiyo na msingi: mashine ya kufungua parachuti ya akiba yenyewe. CYPRES, mojawapo ya mashine hizo, ile ya kawaida ya warukaji wazoefu, hufyatuka ikikuta unashuka kwa mita 35 kwa sekunde, yaani kilomita 126 hivi kwa saa, ukiwa karibu futi 750. Bila suti unaanguka kwa kilomita 190 hivi kwa saa, kwa hiyo itafanya kazi. Ukiwa umevaa mabawa, kasi ya kushuka inaweza kuwa chini ya nusu ya hiyo, na mashine ikaona kana kwamba hakuna tatizo. Nenda nayo, lakini ujue kwamba mkono wako ndio wa kwanza na mara nyingine ndio wa pekee.

Ukisafiri kupitia JKIA, beba mfuko wa parachuti kama mzigo wa mkononi pamoja na kadi ya mtengenezaji inayoonyesha mashine hiyo inavyoonekana kwenye eksirei. Fika mapema na uwaeleze maafisa kwa heshima kabla hawajauliza.

Hatua ya nne: mruko wa kwanza wa mabawa

Usijifundishe. Tafuta kocha wa mabawa na umwulize ameruka mara ngapi na suti, amefundisha wangapi, na alifundishwa na nani. Somo la chini likiisha kwa nusu saa, ondoka. Somo lake linapaswa kukufikisha mahali ambapo unaweza kuigiza mruko mzima ukiwa umefumba macho, kuanzia mlangoni mpaka kutua.

Kinachonisumbua kuliko vyote ni mikanda ya mapaja. Suti ikishafungwa zipu, mikanda hiyo haionekani tena, na ukisimama unahisi umebanwa vizuri kwa sababu kitambaa chenyewe kinakubana. Watu wamekufa hivyo. Mimi nilikuwa kwenye bugi moja huko Afrika Kusini, ndege inawasha injini, nimeshavaa, nacheka na watu. Dada mmoja wa Mombasa ambaye tulikuwa kundi moja alinishika bega. "Kaka, hebu simama. Mkanda wa kushoto umepita wapi?" Nikamwambia uko sawa. Hakuniacha. Alipiga goti kwenye nyasi, akafungua zipu ya mguu kidogo, akaingiza vidole viwili. Bizimu lilikuwa linaning'inia ndani ya suti, halijafungwa. Alilifunga mwenyewe, akavuta mara mbili, akafunga zipu, akaenda kupanda ndege bila neno lingine. Nilikaa chini mruko ule.

Tangu hapo naishika mikanda mara tatu: kabla ya zipu ya mguu, nikisimama kwenye foleni, na ndani ya ndege kabla mlango haujafunguliwa. Mara ya tatu namwomba mwenzangu anishike yeye.

Sasa mruko wenyewe. Kwa kawaida wenye mabawa hutoka mwisho. Ukitoka, shikilia mabawa yakiwa yamefungwa mpaka uwe umepita chini ya mkia wa ndege. Ukiyafungua mlangoni, upepo utakuinua na mkia uko pale pale. Ukishapita, fungua polepole, tazama upeo wa macho, tulia. Geuka kutoka njia ya ndege, ruka kando yake, kisha geuka tena urudi sambamba nayo kuelekea uwanjani, ili usiwe juu wala chini ya waliotoka kabla yako. Gusa kishikio cha kufungulia mara mbili tatu mapema, kwa mikono miwili kwa pamoja. Ukianza kuzunguka kama tairi, funga mabawa yote, pinda mgongo, mwili utajinyoosha. Mzunguko usipokoma, usishindane nao. Kimo cha kufungua kikifika, fungua.

Mwanafunzi kwenye mruko wa kwanza wa mabawa huashiria kwenye futi 6,000 kwamba anakaribia kufungua, na huwa amefungua kufikia 5,500. Ni juu sana kuliko ulivyozoea, na ndivyo inavyotakiwa. Funga mabawa sawasawa pande zote, mikono yote iende nyuma pamoja na irudi pamoja. Parachuti ikifunguka, kwanza tazama huelekei kwa mtu. Ukielekea, geuza kwa kamba za nyuma. Kisha ndipo ufungue zipu za mikono na kushika usukani.

Kutoka futi 13,000 umezoea dakika moja ya kuanguka. Na suti utapata mbili, na baadaye karibu tatu. Bado nazikumbuka zangu za kwanza: kelele ile ya upepo inashuka, unaona mstari mweupe wa mawimbi kwenye mwamba wa bahari, na unagundua kwamba unaenda mahali.

Kwenda bugi

Mwandaaji makini atakuuliza leseni, uanachama wa chama chako, daftari, tarehe ya kukunjwa kwa parachuti ya akiba (Marekani ni kila siku 180) na idadi ya miruko ya mabawa. Asiyekuuliza chochote, mwogope. Nunua bima inayokubali kwa maandishi mchezo huu, kwa sababu bima nyingi za safari huutenga.

Siku ya kwanza mwambie kiongozi wa kundi ukweli wote. Ukiwa na miruko 12 ya mabawa, sema 12. Makundi hupangwa kwa kasi na uzoefu, na anayejiongezea huwekwa katikati ya watu wanaomtegemea asiyumbe. Mgongano wa watu wawili wenye mabawa ni mbaya kuliko wa warukaji wa kawaida, kwa sababu kila mmoja ana kasi ya kwenda mbele juu ya ile ya kushuka. Mkaribie mwenzako kutoka kando na nyuma, polepole, ukiwa na mlango wa kutokea. Mwaka 2012 huko Perris, California, watu 100 waliruka kwa mpangilio mmoja. Lilikuwa tunda la kila mtu kujua nafasi yake na kubaki hapo.

Mpango usemwe chini kwa rubani pia: mtageuka upande gani, mtafungua kimo gani, kila mmoja ataelekea wapi baada ya kufungua. Upepo ukibadilika, au kama hukulala vizuri, jiondoe kwenye orodha ya wanaopanda. Hakuna anayeulizwa sababu.

Ukufunzi unadai nini

Watu wengi hudhani ukufunzi ni cheo kimoja. Ni ngazi kadhaa. Ya kwanza kwa USPA ni Kocha: umri wa miaka 18, leseni B na miruko 100. Kocha huwafundisha wanaoweza tayari kuruka peke yao. Hapo ndipo ninawashauri Wakenya waanzie, kwani utajua haraka kama una subira ya kurudia maelezo yale yale kwa mtu anayetetemeka.

Mkufunzi wa AFF anahitaji leseni C, kuwa na daraja la ukufunzi kama hilo la Kocha, na saa sita za kuanguka angani zilizoandikwa. Saa sita ni dakika 360. Ukipata sekunde 50 kila mruko, ni miruko zaidi ya 430. Hapa ndipo warukaji wa mabawa hujidanganya. Ukiruka na suti dakika mbili na nusu kila mara, saa sita zinatimia kwa miruko 144. Lakini saa hizo hazijakufundisha kukimbiza mwanafunzi anayepinduka tumbo juu, kumshika, kumgeuza, na kumfungulia parachuti kwa wakati. Kwenye mtihani, mwenye kutahini hujifanya mwanafunzi mbaya na kukukimbia angani makusudi. Kwa hiyo, hata kama daftari linaruhusu, mimi nazihesabu saa za tumbo peke yake.

Tandemu inadai zaidi. Sheria ya Marekani inataka miaka mitatu kwenye mchezo, miruko 500 kwa parachuti ya mraba, leseni ya juu kabisa ambayo kwa USPA ni D, na mafunzo ya mtengenezaji wa kifaa. Miaka mitatu hiyo haiwezi kununuliwa kwa wiki tatu za Johannesburg, na ni haki, kwa sababu aliye kifuani pako hajui lolote.

Kufundisha mabawa ni njia yake yenyewe. Watengenezaji wa suti wana mafunzo ya makocha wao. Nasi Kenya, anga na ndege ziko chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa hiyo cheti chako cha nje zungumza juu yake na shule utakayofanyia kazi kabla hujaacha ajira.

Na siku moja utakapokuwa wewe ndiye unayeulizwa, atakuja kijana kwenye meza yako na suti mpya bado kwenye nailoni. Fungua daftari lake usome mbele yake, ukurasa kwa ukurasa. Mwezi uliopita kijana aliyekuja kwangu alikuwa na miruko 140. Nilimwekea ile suti kabatini kwangu, nikaandika jina lake juu ya nailoni, tukaenda pamoja kumkodishia parachuti kwa ajili ya mruko wa 141.